Idara ya Kulinda Huduma ya Kawaida

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, kwa hiyo asitokee mtu akadai nimemsema yeye. Ukiona waziri wake anafanana na wa kwenu, ni sura tu. Huenda walitolewa kwenye kalibu moja. Mimi nasimulia nilichokiona, na nilikiona vizuri, kwa sababu kibanda changu cha kutengenezea majiko kilikuwa pale pale barabara ya Machinjioni inapopinda, nusu upande huu, nusu upande ule. Shule niliiachia darasa la tano. Mambo ya kitaalamu nitayaeleza kama nilivyoyaelewa. Nikikosea, waliosoma watanisahihisha.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Akili Timamu. Jengo lake lilikuwa refu, limepakwa rangi ya maziwa, na ndani yake hapakuwa na mgonjwa hata mmoja, maana wagonjwa wangeiharibia wizara jina. Wagonjwa walikuwa majumbani. Kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na chumba cha nyuma, na wageni wakija tuliwaambia kwamba yule wa chumba cha nyuma amesafiri. Mtaani kwetu kuna watu waliosafiri namna hiyo miaka na miaka bila kuvuka kizingiti. Hatukufanya hivyo kwa ukatili. Tulifanya kwa aibu, na aibu tulikuwa nayo nyingi kuliko dawa.

Mmoja wa wasafiri hao alikuwa Mbaruku, fundi cherehani, jirani yangu wa upande wa kusini. Ndiye aliyenishonea suruali niliyoolea. Siku moja aliacha kushona, akasema cherehani inamsengenya. Tulicheka. Siku zilizofuata hatukucheka tena, maana alianza kuondoka nyumbani bila kuaga, anakutwa mbali huko, miguu imechanika, hajui alikotoka. Dada yake, Sikudhani, alikuwa akiuza vitumbua. Asubuhi alimfungia chumba cha nyuma akaenda kuuza, mchana akirudi anamfungulia na kumkalisha barazani. Pale barazani wapita njia walimsalimu. Wengine walikaa wakacheza naye bao. Siku nyingine alikuwa mzima kabisa, unaweza kubishana naye habari za mpira. Sikudhani aliniambia kwamba hakuwa akiomba makubwa. Alitaka ndugu yake arudi. Hata arudi nusu, yeye angemalizia.

*

Ndipo akaja Mama Profesa.

Alitoka nchi ya baridi, mwanamke mrefu, mpole, amevaa viatu vya kupandia mlima ingawa kwetu hakuna mlima. Jina lake lilitushinda, tukamwita Mama Profesa, naye akaridhika. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Waziri. Alituita uwanjani akatueleza kwamba nchi tajiri zina madaktari wa akili kila kona, na nchi kama yetu ina wawili, ambao mmoja wao ni Waziri wa Uvuvi. Kusubiri madaktari wafike itakuwa kusubiri mpaka wajukuu wazeeke. Yeye alikuwa na njia nyingine. Atawafundisha wanawake wa kawaida wa mtaani, wakae na mgonjwa, waongee naye kwa utaratibu fulani, na muuguzi apite kila mwezi na vidonge. Aliamini njia hiyo itafaa. Lakini kuamini, alisema, hakutoshi, lazima ipimwe.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Barabara ya Machinjioni ingegawa mtaa. Upande mmoja utapewa Huduma Mpya. Upande wa pili utaendelea na kile ulichozoea, ambacho kitaalamu kinaitwa Huduma ya Kawaida. Mwishoni atarudi, atalinganisha, na tofauti ikionekana, wote watapewa Huduma Mpya. Ilikuwa haki, na aliieleza vizuri.

Kura aliipiga Waziri wa Akili Timamu mwenyewe, Mheshimiwa Bakuza. Alipandisha mkono wa koti, akauingiza kwenye chungu, akatoa gololi nyeupe, akaiinua juu kama mtu aliyetaga. Upande wa kaskazini walikuwa wamepata Huduma Mpya. Kisha akatugeukia sisi wa kusini, uso umechangamka, akatutangazia kwamba nasi tumeshinda: tumeshinda Huduma ya Kawaida. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mtu akiambiwa na waziri kwamba ameshinda, haulizi ameshinda nini.

Sikudhani peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Aliuliza kama mtu wa kusini anaweza kuvushwa tu barabara, akae na hao wa kaskazini, kwani ni hapo hapo. Mama Profesa alisikitika. Alimwambia bado, kwa sababu ataharibu ulinganisho, ila avumilie. Sikudhani akasema sawa. Mama Profesa akawafundisha wanawake wa kaskazini, akakabidhi mikeka na vidonge, akapanda ndege.

*

Alipoondoka tu, Mheshimiwa Bakuza alipata habari iliyomkosesha raha. Nchi jirani walifanya utafiti kama huu huu, na walipopima mwishoni, pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu. Wale wasiopewa walichungulia kwa wenzao wakaiga. Tofauti haikuonekana. Nchi ile haikualikwa kwenye mkutano wowote wa kimataifa, na waziri wao alibaki nyumbani akiwatazama wenzake kwenye televisheni. Mheshimiwa Bakuza hakuumbwa kubaki nyumbani.

Alituita tena uwanjani na kutuhutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "huduma mpya nchi yoyote inaweza kuwa nayo. Huduma mpya wanaleta wafadhili. Lakini Huduma ya Kawaida ni yetu. Tuliijenga wenyewe, kwa mikono yetu, bila msaada wa mtu. Sitakubali iharibiwe na wema wa ovyo ovyo."

Ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Kulinda Huduma ya Kawaida. Ilipewa gari, mhuri na wimbo. Kwetu ililetewa mkaguzi, Bwana Dihenga, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa ngozi machinjioni na bado alinuka chumvi ya kukaushia ngozi. Sitamsema vibaya. Alikuwa mtu mnyenyekevu, na kila alipokataza kitu aliomba radhi kwanza.

Aliomba radhi akakataza bao, kwa sababu mchezaji wa bao huongea. Aliomba radhi kwa muuza kahawa, akamwambia auze kahawa bila kusimulia visa. Kisha akafika kwa Sikudhani, akakuta Mbaruku ameketi barazani na kikombe cha chai. Alimuuliza dada mtu kama huyo hukaa nje mara kwa mara. Sikudhani akajibu, kwa kujivuna kidogo, kwamba hukaa kila mchana. Bwana Dihenga alitikisa kichwa. Hiyo, alieleza, siyo kawaida. Kawaida ya nchi hii, kama inavyotambuliwa na wizara, ni chumba cha nyuma na kamba. Mtaa ukizidisha hapo, unaiibia sayansi.

Sikudhani akasema hana kamba. Bwana Dihenga akaenda kwenye gari akarudi nayo, mpya, ya katani, yenye mhuri wa Idara kwenye kipande cha bati.

"Ni ya serikali, mama," akasema. "Haiuzwi."

Sikudhani akauliza itakuwaje akikataa. Bwana Dihenga akamweleza kwa upole kwamba hatalazimishwa mtu. Nyumba yake itatolewa kwenye utafiti, basi. Na siku Huduma Mpya itakapovuka barabara kuja kusini, itapita mlangoni kwake bila kupiga hodi.

Sikudhani alimfunga ndugu yake mwenyewe. Mbaruku alimpa mguu bila kubisha, kama mtoto anayevalishwa kiatu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimepeleka jiko la Sikudhani lililotoboka. Nililiweka chini nikaondoka.

*

Bwana Dihenga alibaki na tatizo moja. Asingeweza kuizuia Huduma Mpya kuvuja kuja kusini bila kujua inafananaje. Kwa hiyo alivuka barabara akaenda kumchungulia Bi. Mwanahawa, aliyekuwa muuza mchicha kabla ya kufundishwa na Mama Profesa.

Bi. Mwanahawa alitandika mkeka, akaketi mbele ya mgonjwa wake, akamuuliza ameamkaje. Halafu akanyamaza. Bwana Dihenga alikaa pale akisubiri sindano itolewe, au mashine, au angalau kipimo cha joto. Hakikutolewa kitu. Mgonjwa akachelewa sana, kisha akajibu. Bi. Mwanahawa akauliza jingine, akanyamaza tena. Ikawa hivyo mpaka jua likahama.

Mkaguzi alikuja kibandani kwangu kuomba maji, jasho linamtoka.

"Fundi, nimeiona," alisema. "Ni salamu. Ni salamu, halafu anasubiri jibu."

Nikamwambia mbona hata sisi wa kusini tunasalimiana. Alinitazama kwa huruma, akasema hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Wiki hiyo hiyo likabandikwa tangazo. Salamu upande wa kusini zingeendelea kuruhusiwa, kwa kuwa ni za kawaida. Ila aliyesalimu asisubiri jibu. Aliyesalimiwa akilazimika kujibu, ajibu kwamba ni salama, na ikiwezekana wakati huo wawe wameshapeana migongo. Kibanda changu kilipigwa mstari wa chokaa katikati. Mteja wa kaskazini niliruhusiwa kumuuliza habari za nyumbani na kumsikiliza. Wa kusini nilimpa jiko lake, tukaachana. Kwenye msiba wa mzee mmoja wa kusini watu walipita mbele ya wafiwa na baiskeli, wakisema poleni bila kukanyaga breki, na Idara ikatupongeza kwa nidhamu.

Ninachoona haya kukisema ni kwamba sheria ile haikutusumbua. Tulijiandaa kuhangaika, tukakuta tulikuwa tunaifuata tangu zamani. Ni lini mtu wa kwetu alimuuliza mwenzake hali akasimama kusikia? Tulikuwa tunauliza huku tunatembea. Serikali ilituongezea mhuri tu.

Aliyetusumbua ni Mbaruku. Chumba chake kilikuwa na dirisha dogo upande wa njia, na akisikia hatua alikuwa akiita, fundi, au bibi, au kijana, kutegemea hatua, akiuliza tumeamkaje. Yeye alisubiri. Hakujua sheria, au aliijua na hakuijali, maana ndilo jambo moja lililobaki aliloweza kuvunja. Tulisema salama tukapita. Wenye haya walipitia njia ya nyuma, na majani ya njia ya nyuma yakakanyagwa mpaka yakafa. Baadaye dirisha lilinyamaza. Nakumbuka siku nilipogundua kwamba halijaita muda mrefu, na nakumbuka kwamba kwanza nilishukuru.

*

Sikudhani alivaa kanga zake mpya akaenda wizarani. Alikalishwa kwenye benchi mpaka Waziri alipohitaji kupigwa picha na mwananchi, ndipo akaitwa ndani.

Alimweleza Mheshimiwa kwamba ndugu yake haongei tena. Kula pia ameacha, anamlisha uji kwa kijiko, na mwingi unarudi. Akaomba avushwe barabara. Hakuomba dawa, wala nauli, wala lawama kwa mtu.

Mheshimiwa Bakuza aliguswa sana. Alimshika bega, akamgeuza upande wa kamera.

"Mama yangu," alisema, "ndugu yako ni nguzo. Akipona leo, sayansi itasimama juu ya nini?"

Sikudhani alisema yeye hajui habari za sayansi, anajua habari za uji. Waziri akafuta macho. Papo hapo akamtunuku Mbaruku Nishani ya Uvumilivu, daraja la pili. Daraja la kwanza lilikuwa limeshachukuliwa na Waziri mwenyewe. Sikudhani alirudi na nishani kwenye kifuko cha plastiki, na kesho yake Bwana Dihenga alikuja, akaomba radhi, akakagua kama nishani hiyo haijampa mgonjwa furaha. Haikuwa imempa. Akaondoka ametulia.

Nilimuuliza Sikudhani walisema nini huko. Nilimuuliza nikiwa upande wa kaskazini wa kibanda, yeye akiwa upande wa kusini, kwa hiyo sikuwa na hakika kama naruhusiwa kusikia. Alinitazama, akatazama mstari wa chokaa, akaenda zake. Sikuwa nimeona mtu akinidharau kwa haki namna ile.

*

Mama Profesa aliporudi kupima, alikuta Waziri ameshatoka kusoma matokeo ng'ambo. Watu wa Idara walikuwa wamepima wenyewe. Kaskazini walikuwa wamepata nafuu kama ilivyotarajiwa. Kuna mwanamke huko aliyerudi sokoni, na mzee mmoja aliyeanza tena kugombana na majirani kwa akili zake zote. Kusini walikuwa wameshuka kwa namna isiyowahi kuonekana katika nchi yoyote. Tofauti baina ya pande mbili ilikuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kupimwa duniani. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mheshimiwa Bakuza alirudi na ngao ya kioo, akaitembeza kwenye gari la wazi.

Mama Profesa hakuwa na furaha hiyo. Alikuwa ameziona hesabu, akasema watu wakiachwa kama walivyo hawaporomoki hivyo. Akataka kufika kusini kwa miguu yake. Basi tulipangwa mstari kando ya barabara, tumeoga, tumetazama mbele. Yeye alishuka kwenye gari, akatutabasamia, akauliza kama hatujambo.

Kisha akasubiri.

Hatukujua la kufanya. Alikuwa anavunja sheria mbele ya Waziri. Wengine walitazama vidole vya miguu. Wengine, kwa mazoea, walianza kuondoka, ikabidi warudishwe. Bwana Dihenga alikuwa na filimbi mdomoni lakini hakuwa na pumzi. Mama Profesa akauliza mara ya pili, tabasamu limepungua, na akaendelea kusimama pale, mrefu, akitupitia mmoja mmoja.

"Mimi sijambo," alisema Sikudhani kutoka mwisho wa mstari. "Ndugu yangu hayupo hapa kwa sababu kamba haifiki."

"Kamba gani?" Mama Profesa akauliza.

"Ya utafiti."

Aliingia nyumbani kwa Sikudhani akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameishika ile kamba mkononi, kile kipande cha bati chenye mhuri kinaning'inia. Uso wake ulikuwa umewiva. Alimwambia Waziri, kwa sauti ya chini lakini tuliisikia, "Sikuomba haya."

Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imechoka.

"Hukuomba, mama," alisema. "Ulikuja kuyapima."

Mama Profesa aliikunja kamba, akaikunjua, akaikunja tena. Nimeona watu wengi wakiona aibu, wengine kwenye kioo changu mwenyewe, lakini sijaona mtu mrefu hivyo akitafuta pa kujificha. Mheshimiwa Bakuza alijaribu kumsaidia. Alimweleza kwamba kwao, nchi tajiri, jambo la kawaida linaweza kuachwa lijiendee lenyewe. Kwetu hapana. Kwetu kitu kisipolindwa, watu watakiboresha.

*

Lazima nimtendee haki yule mama. Aliporudi kwao alisema ukweli wote. Wakubwa wake nao wakafanya haki: walikaa kikao, wakalaani, na ili kutulinda, wakafunga mradi mara moja.

Gari likaja. Likachukua mikeka kaskazini, kwa kuwa ilikuwa mali ya mradi. Likachukua vidonge. Bi. Mwanahawa alikuwa ameshahamishiwa mji mkuu, ambako Waziri humkalisha mbele ya wageni kama ushahidi wa mafanikio, na nimesikia huko hapewi nafasi ya kuongea na mtu. Watu wa kaskazini walisimama barabarani wakitutazama sisi wa kusini kana kwamba sisi ndio tuliolipakia lile gari. Yule mwanamke aliyerudi sokoni, meza yake ilikuwa tupu kabla mvua hazijaanza.

Mheshimiwa Bakuza alitangaza redioni kwamba sasa pande zote mbili za barabara zipo sawa, jambo ambalo utafiti mwingi umeshindwa kulifikia. Idara haikuvunjwa. Ilipandishwa, ikaitwa Idara ya Kulinda Usawa, na Bwana Dihenga akapewa filimbi kubwa zaidi. Tangazo la salamu likabanduliwa. Kila mwananchi akaruhusiwa kumsalimu amtakaye na kusubiri jibu kadiri apendavyo, na baada ya kuruhusiwa hakuna aliyesubiri.

Sikudhani alimtoa Mbaruku chumbani. Alimuosha, alimnyoa, akamkalisha barazani kwenye mkeka wake mwenyewe. Mguu ulikuwa na alama nyeusi palipokaa kamba. Kila siku alikaa mbele yake, akamuuliza ameamkaje, akanyamaza akisubiri kama alivyosikia kwamba Bi. Mwanahawa alikuwa akifanya. Mbaruku alitazama ukuta. Vitumbua vikapoa kwenye sinia. Wapita njia walisema hamjambo, wakapita.

Siku moja Sikudhani alikuja kibandani kwangu. Mstari wa chokaa ulikuwa bado unaonekana, akaukanyaga.

"Nimemuuliza mpaka nimechoka, kaka," alisema. "Mimi ni dada yake. Labda anaona nauliza kwa sababu sina budi. Njoo umuulize wewe."

Nikamwambia nina kazi. Ilikuwa kweli, nilikuwa na jiko la mtu motoni na mwenyewe amekaa pale kwenye debe analisubiri. Nikamwambia mimi si mtaalamu, sikufundishwa, nitaharibu. Nikamwambia labda kesho. Sikudhani hakubishana. Alisimama tu mbele yangu, mikono imelegea, akisubiri jibu lenyewe, lile lililokuwa nyuma ya hayo niliyokuwa nikisema. Mpaka nikaweka koleo chini.

Barazani nilikaa mahali ambapo zamani tulikuwa tunaweka bao. Mbaruku alikuwa amekonda hadi mashavu yameingia ndani. Nikamuuliza ameamkaje. Kisha nikanyamaza.

Sikujua kwamba kunyamaza ni kazi. Shingo iliwaka. Wapita njia walipunguza mwendo watuone, na kila mmoja niliona kama amenijia mimi. Mara kadhaa nilitaka kumjibia, niseme salama kwa niaba yake, niinuke nikamalize jiko la watu. Yule mteja alikuwa amesimama kule kibandani ananitazama, mikono kiunoni. Nikakaa. Jua likaanza kutuunguza miguu, wala hatukuivuta.

Mbaruku akageuza kichwa taratibu, akanitazama usoni.

"Vibaya," akasema.

Nimesalimiana na watu tangu nijue kusema, na jibu hilo sikuwahi kupewa. Kwetu mgonjwa anasema salama. Mfiwa anasema salama. Mtu nyumba yake inaungua atakwambia salama kwanza, ndipo aombe ndoo. Nilihisi magoti yananyooka yenyewe ili niondoke, na nilipoinua macho nikamwona Sikudhani kwenye mlango. Hakuwa akimtazama ndugu yake. Alikuwa akiyatazama magoti yangu.

Aibu niliyoipata pale sitaki kuipima. Nikamwambia Mbaruku ukweli, kwamba sijui nimwambie nini.

"Hata mimi," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Mtu mmoja akapita barabarani akatuuliza kama hatujambo, na kabla hatujafungua midomo alikuwa ameshafika kwenye kona.